Chumba cha Juu ya Paa, Al Twar

Mwaka wetu wa kwanza Dubai, mimi na mume wangu tulikuwa wanandoa wa Ijumaa tu. Yeye ni fundi wa jipsamu, zile bodi laini za kuta na dari, na alilala kwenye nyumba ya wafanyakazi ya kampuni yake, wanaume watupu. Mimi nilifanya usafi hotelini kule Marina, nikapanga kitanda Qusais katika chumba cha wanawake. Siku ya mapumziko tulikutana kwenye jumba la maduka, tukakaa bila kununua kitu mpaka askari wa mlangoni aanze kututazama. Cheti cha ndoa tulikuwa nacho. Pa kuishi kama mume na mke ndipo hapakuwapo.

Mwenzangu kazini akaniambia kuna villa Al Twar inapangishwa vyumba, na kwamba juu ya paa kuna viwili ambavyo watu wanavikimbia kwa sababu ya joto. Tulikwenda siku hiyohiyo.

Mwanamume aliyetupokea hakuwa mwenye nyumba. Aliikodi villa nzima, akaigawa vipande vipande, akatupangisha sisi. Wapangaji walimwita arbab, yaani bwana mwenye mali, naye hakuwasahihisha. Alitupandisha kwa ngazi ya chuma iliyobanwa nyuma ya nyumba, nyembamba kiasi kwamba mtu mmoja akishuka mwingine lazima angoje. Juu, pembeni mwa matangi ya maji, alikuwa amejenga vyumba viwili vilivyoshikana: kuta za jipsamu, paa la mabati, waya wa umeme umepita juu ya milango bila bomba la kuukinga.

Mume wangu aligonga ukuta kwa kidole, akauliza habari ya baladiya, manispaa ya mji. "Baladiya wametoa ruhusa ya kujenga huku juu?"

"Ruhusa ipo, inshallah," arbab akajibu.

Tuliposhuka mume wangu alicheka. "Ruhusa ya inshallah haijatoka bado."

Lakini tulihamia. Mtu ambaye hajawahi kukosa mlango wa kufunga hawezi kuelewa. Maji ya bomba yalitoka ya moto tangu asubuhi, na kiyoyozi kilinguruma kama kinaumwa, ila tulilala kitanda kimoja na kuamshana kwa kazi. Mwezi haukupita nikapata mimba.

Chumba cha pili kilikuwa cha dada mmoja wa Mombasa, mtu mzima kutuzidi, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye mnara mmoja wa Marina. Mchana alilala. Alipojua hali yangu alianza kunipikia uji, anauacha mlangoni kabla ya kwenda kazini. "Kula, mdogo wangu," aliniambia, "wewe si mmoja tena."

Moto ulitokea Ijumaa moja ya kiangazi. Mume wangu alikuwa ametoka kuswali, ndiyo kwanza anavua kanzu. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, nikadhani ni ya jirani. Kisha moshi ukaanza kupenya kwenye kiungo cha dari, kutoka upande wa dada.

Tulitoka mbio. Waya uliokuwa juu ya mlango wake ulikuwa unawaka, na mlango wenyewe, unaofunguka kwa ndani, ulishashika moto. Nilimwita kwa jina lake nikipiga kelele, na ndani tukamsikia anakohoa, kisha anapigapiga mlango kwa mikono.

"Usishike mlango!" mume wangu alimfokea. "Rudi nyuma! Njoo ukuta wa kwetu!"

Alirudi chumbani kwetu, akasukuma kitanda, akaupiga teke ukuta uliotutenga na dada. Ulivunjika kama biskuti. Akaingia kwenye moshi, akatoka naye amemkumbatia kifuani. Mikono ya dada, viganja vyote viwili, ngozi ilikuwa imeachia. Alikuwa akisema, "Simu yangu, jamani, simu yangu ina namba za watoto," na mimi nikimwambia tutaipata, huku nikijua haipo tena.

Kumshusha kwa ile ngazi ndiyo kazi ambayo bado inanijia ninapofumba macho. Hakuweza kushika chuma kwa mikono ile. Mume wangu alishuka kinyumenyume akimbeba kwa mabega, mimi juu nimeshika nguo za dada kwa nyuma, tumbo langu linagonga kila kipandio.

Zimamoto walikuja upesi, wakauzima. Mkubwa wao aliitazama ngazi, akatazama matangi, akatazama vile vyumba, akatuuliza kwa Kiingereza ni nani aliyewaruhusu watu kulala hapa. Tukampigia arbab. Alikuwa ameshazima simu, na hatukumwona tena.

Watu wa baladiya walifika kesho yake. Walipiga picha, wakakata umeme wa juu, wakabandika tangazo getini: jengo la juu ya paa halina kibali, libomolewe, na mwenye nyumba aitwe. Chumba cha dada kilikuwa kimebaki masizi. Chetu kilisimama, kikiwa na tundu la kupita mtu ukutani.

Mwenye nyumba alikuja akiendeshwa na binti yake, pamoja na mhandisi. Alikuwa bibi mkongwe ndani ya abaya, anatembea kwa mkongojo. Alituita tushuke uani, nami nilimnong'oneza mume wangu, "Leo tunatupwa nje." Bibi akageuka.

"Nyinyi Waswahili? Watu wa wapi?"

"Tanga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mie nimezaliwa Unguja." Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Sikujua kama kuna watu juu ya nyumba yangu. Wallahi sikujua."

Mhandisi alipanda, akakaa huko kitambo, akashuka na kuingia chumba cha chini kuangalia dari. Aliporudi alituchorea kwa kalamu yake nyufa alizoziona. Paa hilo, alisema, lilipigiwa hesabu ya matangi na mtu wa kuanika nguo, si kuta na watu na vitanda. Na njia ya kutokea ni moja.

Nilijitia moyo. "Bibi, haiwezekani kuomba ruhusa sasa? Mhandisi achore ramani, mume wangu ni fundi, atajenga upya vizuri, kwa sheria."

Alinitazama tumboni kabla hajanitazama usoni.

"Keti, mwanangu." Tukaketi kwenye kizingiti. "Mwanangu wa kiume alipooa, nilitaka kumjengea chumba hapo hapo juu. Akae karibu nami. Nikaajiri wahandisi, wakachora, nikapeleka baladiya. Wakakataa. Nikabadili mchoro, wakakataa tena. Msingi hauchukui. Basi akahama na mkewe, akaenda kuishi mbali, na kwa mama yake haji ila kwa msiba." Alinyoosha mkongojo kuelekea paani. "Nilikataliwa miye mwenye nyumba, kwa mtoto wa tumbo langu. Nikikuombea wewe, watakubali kwa lipi?"

Sheria ile niliichukia, na siku mbili nyuma nilikuwa nimeona kwa nini ipo.

Bibi alituachia muda wa kupata pa kwenda, na akamwomba mume wangu abomoe yeye, kwa malipo, kwa sababu fundi mwingine hakumjua. Alibomoa peke yake. Mimi nilikaa uani kwenye kivuli nikisikia mabati yakianguka, na kila mara akishuka kumwaga kifusi alikuwa mweupe kwa vumbi, nyusi hadi kope. Nilimpa maji. Jipsamu ya chumba chetu iliingia kwenye toroli chache tu.

Dada wa Mombasa tulimtembelea hospitali. Vidole havikukunjika tena. Kampuni ilimwambia khalas, kazi imekwisha, mlinzi asiyeweza kushika redio si mlinzi, akarudishwa kwao. Siku ya mwisho alinilisha maneno badala ya uji: "Nawe nenda nyumbani ukajifungue. Hapa hakuna pa kulaza mtoto."

Tuliendelea kutafuta. Kila chumba cha halali kilituzidi uwezo, na kila tulichokimudu kilikuwa na waya juu ya mlango. Mume wangu alikuwa akiingia, anagonga ukuta kwa kidole, anatoka. Hatimaye hakuingia tena ndani. Alikuwa akitazama kutoka nje na kutikisa kichwa.

Nilisafiri mimba ikiwa kubwa. Yeye alirudi kwenye kitanda chake cha kampuni, sasa Ras Al Khor, nyuma ya maghala. Mtoto alizaliwa Tanga, wa kiume. Baba yake alimwona mara ya kwanza kwenye simu, mtandao ukikatikakatika, na kilichonishangaza ni kwamba hakuuliza uzito wala anafanana na nani. Aliuliza, "Hapo mlipolala, mlango unafunguka kwa nje au kwa ndani?"