Bataka Isiyo Yangu

Miaka ile barabara zote za Doha zilikuwa zinachimbwa. Njia uliyopita asubuhi, ukirudi jioni unaikuta imezungushiwa uzio na mshale unakuelekeza jangwani. Labda ndiyo maana mambo yalipoanza kunichanganya sikushtuka upesi. Kuchanganyikiwa nilikuwa nimekuzoea.

Nilikuwa karani katika ofisi ya kuagiza samani, na kama kila mgeni aliyeishi pale, maisha yangu yote yalikuwa ndani ya kadi moja ya plastiki. Ni kitambulisho cha mkaazi, nasi tulikiita bataka, kwa Kiarabu chetu cha kubahatisha. Bila bataka hupati laini ya simu, hufungui akaunti, hupangi chumba. Nyumbani Kenya kipande changu, kitambulisho cha taifa, kilikaa kabatini chini ya nguo za Krismasi. Huku niliwahi kushuka basi na kurudi nyumbani kwa sababu tu niliiona pochi ni nyepesi. Lakini niseme haki yake pia. Nilipoiweka bataka mezani kwenye kituo cha afya, hakuna aliyeniuliza ninamjua nani humo ndani. Karani alipiga nambari, faili langu likafunguka, nikaambiwa niketi nisubiri. Mimi nilikulia mahali ambapo mgonjwa hutangulia kutafuta binamu wa daktari, kwa hiyo kadi ile niliipenda, sioni haya kusema.

Ijumaa moja, baada ya ibada kule Mesaimeer, tulikwenda Al Thumama kumwona mtoto. Mwenzetu wa kwaya alikuwa amejifungua, na desturi ni desturi hata ukiwa ughaibuni. Nilibeba chupa ya uji wa wimbi, unga wenyewe umesafiri kwenye sanduku la mtu kutoka Eldoret. Langoni tukamkuta mlinzi Mkenya.

“Karibu, sistee,” akasema, mkono umenyooshwa. “Wacha ID hapa, utachukua ukitoka.”

Mtu yeyote aliyewahi kuingia jengo la ofisi Nairobi anajua kinachofuata. Mlinzi akinyoosha mkono, mkono wako unaingia kwenye pochi wenyewe, bila kuomba ruhusa ya kichwa. Doha hakuna aliyewahi kuniomba niiache bataka langoni, na nilikuwa nimeonywa mara nyingi nisiiache popote. Lakini yule alikuwa mlinzi wa kwetu, akaomba kwa sauti ya kwetu, nikatoa. Wanawake wote wa Kenya waliokuja siku ile walitoa. Mfilipino aliyekuwa mbele yetu alimwangalia yule mlinzi kama mtu aliyeombwa figo, akakataa, na akaingia tu.

Lifti ilikuwa imeharibika. Kwenye ngazi nikamfikia mwanamke aliyevaa sweta zito, joto lile la Doha likiwa linachemsha kuta, amejishikilia kwenye reli. Sikumjua. Wageni tulikuwa wengi.

“Pita tu, dada,” akasema. “Mimi nakuja polepole.”

Nikampita na uji wangu. Baadaye nilimwona ameketi karibu na mlango, amepakata mtoto, na kila aliyetaka kumpokea aliambiwa amwache kidogo. Nikasema moyoni kwamba huyu ana mtoto wake aliyemwacha nyumbani.

Tulipotoka zamu ilikuwa imebadilika. Mlinzi mpya, Mnepali mpole, aliniuliza jina. Nikamtajia lile la kwanza, la Biblia, ambalo kila mtaa wa Kenya una wenye nalo wa kutosha timu ya mpira. Akapekua droo, akanipa kadi. Nikaitupa kwenye pochi. Ya kwangu ningeitazama ya nini?

Jumanne simu ikalia nikiwa kazini. Muuguzi wa kituo cha afya alinitaja kwa jina, akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba majibu ya damu yangu yametoka na si mazuri. Damu imeshuka sana. Nije upesi, nisikae.

Nilikuwa nimetolewa damu pale wiki chache nyuma kwa ajili ya tumbo, na nilikwisha sahau. Basi nikaona ni ile. Nikamwuliza, imeshuka kiasi gani? Akasema ananishangaa ninatembea.

Nami nikashangaa ninatembea. Hadi saa ile nilikuwa mzima, nimekula wali na kuku wangu, nimegombana na dereva wa lori kwa simu. Nilipokata tu, nikatafuta kiti. Kufika saa kumi nilikuwa naona nyota. Mkubwa wangu alikuwa safarini na ofisi haina mtu mwingine, kwa hiyo ilinibidi ningoje hadi kesho yake. Mwenzangu wa chumba, mama mmoja wa Kisii asiyetaka mzaha na afya, akatoka kununua maini na bitiruti, akanilazimisha kunywa juisi yake hadi meno yakawa mekundu. Nilijilaza nikifikiria nani atamwambia mama yangu. Niliogopa, sitaki kuzungusha maneno. Niliogopa nikalia kwa kwikwi, na mwenzangu akazidi kuniletea maini.

Kesho yake alasiri nikaweka bataka mezani pale kituoni. Karani akapiga nambari. Akaitazama kompyuta, akapiga tena.

“Hujawahi kupimwa hapa,” akasema.

“Mmenipigia simu jana.”

“Faili hili halina kitu. Hata nambari ya simu halina.” Akasoma zaidi. “Wewe ni mfanyakazi wa nyumbani, Al Rayyan?”

Nikamwambia mimi ni karani wa samani na nina damu kidogo. Naye akaniuliza, kwa upole wa kumwuliza mtu asiye na akili timamu, kama nina uhakika. Sikuwa nao. Jana nilikuwa mzima nikaambiwa mgonjwa, leo mgonjwa nikaambiwa sipo. Nikaichukua kadi ili nimwonyeshe jina langu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nikaitazama. Jina la kwanza langu. Mengine si yangu. Uso si wangu. Picha za bataka hutoka na kiza kama zimepigwa ndani ya chungu, lakini macho yale niliyajua. Alikuwa yule wa ngazini.

Muuguzi aliyenipigia akaitwa. Akazitazama karatasi zake, akanitazama, akaivuta kope yangu ya chini kwa kidole.

“Wewe huna kitu,” akasema. “Nani ana bataka yako?”

Ndipo ikanipata. Mwenye bataka yangu alikuja hapa, nambari yangu ikapigwa, faili langu likafunguka, damu yake ikaandikwa kwangu, na simu ikaja kwangu. Kadi ilifanya kazi yake sawasawa. Na yeye alikuwa huko Al Rayyan akibeba ndoo, haambiwi na mtu.

Nilitoka pale mzima wa afya na sikufurahi hata kidogo. Nikampigia mama wa mtoto. Alimjua yule wa sweta: ni mtu wa Kitui, huja kanisani mara moja moja akipata ruhusa. Lakini simu yake hushikwa na madamu wake, anaiona Ijumaa tu.

“Nipe nambari ya huyo madamu,” nikasema.

“Usimpigie. Ataulizwa bataka ilipoteaje, ataulizwa alikuwa wapi. Hujui nyumba za watu. Ngoja Ijumaa, tutamwambia kanisani.”

“Muuguzi amesema asikae.”

“Na akirudishwa Kenya kwa sababu yako?”

Nilisimama nje ya kituo cha afya, jua likinipiga utosini, sijui lipi ni lipi. Yule mama alisema kweli. Nyumba za watu nilikuwa nazisikia tu. Wema wangu ungeweza kumfukuzisha kazi. Lakini kila nilipojiambia ningoje nilimwona amejishikilia reli, na uoga wangu wa jana ukanirudia, ila sasa nilijua ni wa nani. Nikaomba nambari tena, kwa sauti ambayo kwaya haijawahi kuisikia. Akanipa.

Madamu alipokea mwenyewe. Nikaeleza kwa Kiingereza, nikaongeza Kiarabu changu cha sokoni, nikaomba radhi katikati. Akanikatiza.

“Haiwezekani. Bataka yake ninayo mimi, kwenye droo. Jumatatu nilimpeleka kituoni mwenyewe.”

“Itazame picha, madamu. Tafadhali.”

Nikasikia droo ikifunguliwa.

“Huyu si yeye,” akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mimi sikujua kama ni hasira au nini. “Wallahi, huyu si yeye. Wewe uko wapi?”

Walifika magharibi imekaribia, madamu mbele na abaya lake, mwanamke wa Kitui nyuma na sweta lilelile. Madamu alikuwa amekasirika kwelikweli, ila hasira yake ilikuwa haijapata pa kutua. Alimkasirikia karani, akamkasirikia mlinzi asiyekuwepo, akaniuliza mimi ni watu gani wanaoacha bataka langoni. Kisha akamwambia mfanyakazi wake aketi, na alipokawia akamshika mkono akamketisha.

Tukabadilishana kadi pale kwenye benchi. Nilimweleza kwa Kiswahili, maana hakuna aliyekuwa amemweleza kwa lugha yoyote. Kumbe Jumatatu aliambiwa atapigiwa simu majibu yakitoka. Simu haikupigwa, basi akajua ni uchovu tu. Alikuwa akipumzika kila baada ya ngazi chache, usiku moyo unamdunda kama ngoma, akadhani ndivyo hewa ya Doha ilivyo.

“Na simu ilipokuja kwako,” akaniuliza, “ulidhani ni wewe?”

“Nilidhani ni mimi.”

“Ukaogopa?”

Nilitaka kumjibu kiutu uzima, nikashindwa. “Nililia, dada. Nilikula maini hadi leo siwezi kuyaona. Nilikuwa nimeshajizika mwenyewe.”

Akacheka, cheko dogo la mtu anayebana pumzi. Muuguzi akatoka na kuita jina, na sote wawili tukasimama. Akatutazama. Safari hii akaiomba bataka, akaishika karibu na shavu la yule mwanamke, akatazama picha, akamtazama yeye, akarudia tena, bila haraka. Nadhani ndiye mtu wa kwanza mjini mle kufanya hivyo.

“Ni huyu,” akasema. “Utalala hospitali leo. Utaongezewa damu.”

Nilimshika mkono, nikatafuta neno la kumtia moyo. Nilikuwa nayo mengi, nimejiambia yote usiku kucha jana yake. Hakuna lililokuja. Madamu alikuwa ameshachukua mfuko wake na kumtangulia mlangoni.

“Usihangaike, dada,” mwanamke wa Kitui akaniambia, akifunga vifungo vya sweta. “Wewe umeshaniogopea. Mimi nimebakiza kupona tu.”

Akaondoka polepole, na safari hii sikumpita.