Kitabu cha Karani Kefa

Fundi Bashiri alitoka Kondoa na cherehani moja na kete za sataranji alizozichonga kwa mkono wake, akahamia Mpwapwa kushona kanzu na sare za askari wa boma la Wajerumani. Kwa miaka sita hakuna aliyemshinda. Basi Idi ile, watu wa sokoni walipomtoa kondoo dume awe zawadi ya bingwa wa sataranji, alijua nyama ni yake.

Wakabaki wawili: yeye na Kefa, karani wa boma, kijana Mkristo wa Kigogo mwenye kitabu cha sataranji cha Kijerumani alichoazimwa na bwana wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Anza."

Kefa akafungua kitabu, akasoma kwa kidole, ndipo akasogeza askari aliye mbele ya mfalme. Bashiri akajibu papo hapo. Kefa akafunua ukurasa. Akasoma. Akatoa farasi. Bashiri akajibu. Kefa akafunua tena.

"Nacheza na wewe au na kitabu?"

"Ni namna ya kuanza, fundi. Wazungu wameziandika zote."

Mwantum, mkewe Bashiri, alikwisha kuleta kahawa mara mbili, na hata kete tano hazijasogea. Kefa alipocheza hatimaye, kwa hasira Bashiri akamsukuma askari wa pembeni kabisa, hatua moja, bila maana yoyote.

Kefa akafunua mbele, akafunua nyuma. "Hii haimo."

"Haimo vipi? Si hii hapa ubaoni!"

"Kitabuni haimo. Mpaka nimuulize bwana."

Bwana mwenyewe alikuwa safarini Kilimatinde. Siku kumi na moja ubao ulikaa dukani umefunikwa kanga, Bashiri akifukuza kuku na watu waliokuja kuuliza nani kashinda. Mara mbili alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua huku akisonya.

Kefa alirudi mikono mitupu. "Bwana amesema umecheza kipumbavu, ila inaruhusiwa. Na kitabu chake amekichukua."

"Alhamdulillahi! Kaa hapo."

Kefa akainama, akakuna shavu, akacheza. Kabla ya adhuhuri mfalme wa Bashiri hakuwa na pa kukimbilia.

"Kumbe siku zote unajua!"

"Hata mimi nimeshangaa, fundi."

Hilo ndilo lililomkera kupita yote. Na kwa kuwa Waislamu nao walialikwa karamuni kwa Kefa, na hawali kilichochinjwa na Mkristo, yeye ndiye aliyeombwa amchinje kondoo. Akachinja, akala sahani mbili za pilau, akasema nyama ni ngumu.