Nyekundu ya Kwenye Manga

Hii nilijitafutia mwenyewe, kwa hivyo mkicheka, chekeni pole pole. Ninauza dawa za mifugo kwa duka moja hapa Kitengela. Mwenzangu wa kaunta, Naserian, kila lunch husoma manga, vile vitabu vya katuni kutoka Japani. Mimi nilikuwa nimetazama tu anime, yaani filamu ya katuni, ya hadithi moja anayoipenda, tena kwa simu. Lakini nilitaka anione mtu wa maana, nikamwambia kitabu chenyewe nimesoma, na hao watu wa anime wamekiharibu.

"Wameharibu wapi?" akauliza.

"Rangi. Kwa kitabu, joho la yule shujaa ni jekundu kabisa, kama shuka mpya ya Kimaasai. Kwa anime limepauka."

Akatoa kitabu kwa mkoba. "Nionyeshe."

Nikafungua. Picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Nikaendelea kufungua, nikiomba rangi iwe iko mbele. Mzee aliyekuja kununua dawa ya kupe akasikia tunatafuta nyekundu, akaegemea kaunta, shuka mabegani, akatafuta na sisi mpaka ukurasa wa mwisho.

"Kijana," akasema, "hapa nyekundu naona ni hii yangu tu."