Nilivyowalilia Ng'ombe wa Jirani Kwenye Televisheni

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, wakati wa ukame, gari la televisheni liliposimama hapa kwetu Kitengela. Nilikimbia kuvaa koti la kanisani. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejizoeza kusoma habari mbele ya kioo, nikingojea siku hiyo.

"Tunatafuta mfugaji aliyeumia," mpiga picha alisema, akiwatazama madume wangu wanne niliowalisha nyasi za kununua ili niwauze nilipe karo ya mwanangu Mutua. "Hawa wa kwako wako sawa, mzee. Wacha tuongee na yule mama."

Alikuwa jirani yangu, Mama Naserian, na ng'ombe wake walikuwa mifupa mitupu. Nilimtangulia mpiga picha hadi kwake.

"Huyo mama haongeangi na wageni," nikasema. Nikamkumbatia ng'ombe wake mmoja shingoni, nikalia: "Mifugo yangu inaisha!" Mpiga picha alijua si wangu, lakini alitaka machozi tu, akarekodi.

Jioni hiyo nchi nzima iliniona.

Kesho yake akaja mnunuzi kutoka Kajiado. Tulikuwa tumekubaliana elfu kumi na tano kwa kila dume.

"Pole, mzee. Nilikuona kwa TV. Nitakupa elfu tisa kila mmoja, kabla hawajaanguka."

"Lakini wale walikuwa wa jirani!"

"Sasa ulidanganya jana, ama unadanganya leo?"

Mama Naserian, aliyetusikia kutoka kwake, alicheka mpaka akashikilia ua wa boma. "Lia tena, Baba Mutua! Pengine ataongeza."

Shule ilikuwa ikifunguliwa Jumatatu, kwa hivyo niliuza. Umaarufu wangu wa dakika moja ulinigharimu shilingi elfu ishirini na nne.