Mume Aliyeishia Katikati ya Kitabu

Mwalimu ndiye aliyeanza kukiponda kile kitabu. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha fasihi maisha yake yote, na katika kikundi chetu cha usomaji hakuna aliyependa kumkatisha.

"Mwandishi katia chumvi," alisema huku akikunja miwani yake. "Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, hatawaliwi kichwani kwa maneno matupu. Angempa dawa, ningeelewa. Angemfungia ndani, ningeelewa. Lakini maneno tu?"

Tulikuwa sebuleni kwangu, Makole, Jumamosi mchana. Upepo wa kiangazi ulikuwa unarusha vumbi, nikawa nimefunga madirisha yote, na chumba kilikuwa na joto la watu na chai ya tangawizi. Riwaya tuliyokuwa tunaijadili ilihusu mwimbaji mmoja aliyekosa usingizi, akaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari yule, kwa sauti ya upole, akamfanya aanze kuzitilia shaka kumbukumbu zake mwenyewe. Hukusema hivyo, alikuwa akimwambia. Hukuwepo pale. Samaki wanakudhuru, umesahau? Ikafika mahali mwanamke hawezi kuchagua hata gauni la kuvaa bila kumpigia simu.

"Mwalimu, mimi nimewaona," alijibu jirani yangu, ambaye ni nesi. "Wanakuja wodini. Unamuuliza mtu anaumwa wapi, anamtazama kwanza mumewe."

Baada ya maneno hayo nilimgeukia rafiki yangu, kwa sababu nilitaka sana kusikia maoni yake. Yeye ni mwanasheria wa serikali. Alihamia Dodoma ofisi zilipohamishwa kutoka Dar es Salaam, akapanga Mkonze, na tukafahamiana dukani kwangu, kwenye duka la dawa. Siku zile alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kubishana mpaka chai inapoa. Kisha mumewe akamfuata, na kidogo kidogo rafiki yangu akanyamaza. Nilidhani ni uchovu wa kazi.

Siku ile alikuja naye kwa mara ya kwanza. Mume alikuwa mhadhiri, mtu nadhifu, mwenye sauti nzuri kama ya mtangazaji wa redio. Alileta zabibu, akamwamkia Mwalimu kwa heshima zote, akamsifu nesi kwa kazi yake. Tulimpenda wote. Mimi pia nilimpenda.

"Mke wangu hatatusaidia sana leo," alisema kabla rafiki yangu hajafungua mdomo. "Kitabu kilimshinda. Aliishia katikati."

"Nilikimaliza," rafiki yangu alisema taratibu.

Mume akatabasamu, akamwekea mkono begani. "Hapana, mama. Ulikiacha. Ulisema kinakuumiza kichwa, nikakisoma mimi. Unakumbuka?"

Rafiki yangu akaangalia kikombe chake. "Labda," alisema. "Ndiyo, nadhani nilikiacha."

Wiki ileile alikuwa amenipigia simu kutoka ofisini, wakati wa chakula cha mchana, akinong'ona kama mtu aliyejificha. Alikuwa ndiyo kwanza amefunga ukurasa wa mwisho na alitaka kuuzungumzia. Tuliuzungumzia mpaka akaitwa kwenye kikao. Sasa nilikuwa namtazama akikana jambo ambalo mimi na yeye tulilijua.

Nilitaka kusema, nikashindwa. Ningemwumbua mgeni nyumbani kwangu, mbele ya watu, kwa ajili ya riwaya? Na wakirudi kwao, nani angeadhibiwa kwa maneno yangu? Nikajishughulisha na birika.

Mume akaendelea kuzungumza, na alizungumza vizuri. Alisema wasomaji wengi wanamwonea yule daktari. Kwamba mwanamke yule alikuwa anapotea, na daktari alimpa mahali pa kusimama. "Tazameni mwisho wake," alisema. "Anarudi mwenyewe kwa daktari. Hakuna aliyemlazimisha. Anabisha hodi, anamshukuru. Mwandishi anatuambia kwamba ulikuwa upendo."

Mwalimu akavaa tena miwani. "Kwenye nakala yangu mwisho hauko hivyo," alisema.

"Harudi." Sauti ilikuwa ya rafiki yangu. Hakuinua kichwa. "Anarudi katikati. Mwishoni anaingia kwenye mgahawa peke yake. Mhudumu anamuuliza atakula nini, anakaa kimya muda mrefu, halafu anaagiza samaki. Anakula wote. Anakaa pale, mikono juu ya meza, anangoja koo livimbe kama daktari alivyomwambia."



"Nilikusimulia mimi hayo," mume alisema, bado akitabasamu.

"Ungenisimuliaje?" aliuliza. Sasa alimtazama. "Wewe ndiye hujafika huko. Uliishia pale anapobisha hodi. Umekunja kona ya ukurasa."

Mume alicheka kicheko kifupi, akatazama saa, akasema wana safari kesho yake na lazima wawahi. Aliaga kila mtu kwa mkono. Rafiki yangu alimfuata mpaka kwenye gari akiwa ameukumbatia mkoba wake kifuani, nami nikafunga geti.

Jumapili ilifika ujumbe kutoka kwenye namba yake: "Samahani kwa jana. Nilichanganyikiwa na kuwavunjia heshima. Naomba nipumzike na kikundi." Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni. Rafiki yangu haniandikii hivyo. Huwa ananiita dada, anaandika haraka haraka, anaacha maneno nusu. Nilianza kujibu, nesi, aliyekuwa amepitia kwangu, akaniwekea mkono juu ya simu.

"Usijibu. Hujui nani anasoma. Twende ofisini kwake."

Tulikwenda Jumatatu, saa za chakula. Alipotuona pale mapokezi alitazama nyuma yetu kwanza, kisha akatupeleka kwenye benchi upande wa pili wa jengo. Macho yalikuwa yamevimba. Alinishika mkono, akaubana.

"Dada, niambie ukweli. Yule mwanamke alikula samaki?"

"Alikula."

"Wote?"

"Wote. Ulinisimulia wewe mwenyewe kwa simu kabla mimi sijafika huko."

Alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Akaeleza kwamba tangu walipotoka kwangu mumewe hakumpigia kelele hata kidogo. Alimketisha tu, akamuuliza kwa upole, tena na tena, ni kitabu gani hasa alichokuwa anakisimulia. Alimwambia amechanganya vitabu viwili. Kitabu chenyewe hakikuonekana tena ndani ya nyumba. Ilipofika asubuhi, mwanasheria yule, aliyezoea kuhoji mashahidi mahakamani, hakuwa na uhakika tena na alichokisoma kwa macho yake.

"Na hayo si ya kitabu tu," alisema. Alituambia mengine, ambayo sitayaandika.

Nilitaka kumwambia ahame siku hiyohiyo. Nesi akanikanyaga mguu. "Wewe unataka nini?" alimuuliza rafiki yangu. Alisema anataka kuzungumza na dada yake anayeishi Ipagala, lakini si kwa simu yake. Nikampa yangu.

Haikwisha siku ile, wala wiki ile. Alikuwa bado Mkonze mumewe aliponifuata dukani. Alisubiri mteja wa mwisho atoke, kisha akaegemea kaunta.

"Shemeji," alisema, "sina ugomvi na wewe. Nakuheshimu. Lakini umemjaza mke wangu maneno, na mwenyewe unajua kile kitabu ni upuuzi. Si ulisema wewe siku ile kwamba mwandishi katia chumvi? Kwamba mtu mzima hatawaliwi kwa maneno?"

"Sikusema mimi."

"Ulisema, shemeji. Ulikuwa unamimina chai. Nilikuwa nimekaa karibu na wewe." Alinitazama kwa huruma. Huruma ya kweli kabisa, ukiitazama. "Umechoka. Unafanya kazi peke yako hapa tangu asubuhi. Mimi sikulaumu."

Nami, ninayepima dawa za watu kila siku na sijawahi kukosea, nilianza kutafuta kichwani. Chai nilimimina, hilo lilikuwa kweli. Nilisema kitu, lakini nilisema nini? Sauti yake ilikuwa nzuri, haikuwa na haraka, na nilijikuta natikisa kichwa juu chini kabla sijaamua kukubali. Aliponiona, alishukuru na kuondoka. Hakuomba kitu kingine.

Nilifunga mlango nikampigia Mwalimu. Aibu ilinijaa. "Shikamoo, Mwalimu. Yale maneno ya chumvi, siku ile tukijadili kitabu, niliyasema mimi?"

"Marahaba. Wewe? Ni mimi niliyesema. Kwa nini unauliza?"

Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, "Kumbe."

Rafiki yangu aliondoka Mkonze kabla ya mvua kuanza. Dada yake alikuja na shemeji, mume wa huyo dada, na gari la kubebea vitu, mchana kweupe, mume akiwa nyumbani. Nasikia hakuzuia chochote. Alisimama mlangoni akimweleza kila mmoja, kwa upole, kwamba mkewe si mzima. Shemeji wa Ipagala aliweka godoro chini, akamsikiliza kidogo, hata akarudi ndani kumuuliza rafiki yangu kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika. Wazee wa pande zote mbili wamekaa zaidi ya mara moja, na shauri bado halijaisha. Kuna siku hunipigia akiniuliza jambo dogo tu, kama kweli alikuja kwangu Jumanne, nami humjibu.

Amerudi kwenye kikundi. Siku aliyorudi, Mwalimu, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake, alitangaza kwamba amebadili maoni na sasa anakiona kile kitabu kuwa kizuri sana.

"Mimi sikioni kizuri," rafiki yangu alisema. "Mwandishi kamfanya daktari kuwa mtu mwenye akili za ajabu. Wangu hakuwa na akili hizo. Alikuwa na muda tu, na alikuwa nyumbani kila siku."

Mwalimu alianza kumpinga. Walibishana mpaka nesi akanyanyuka kwenda kuchemsha chai nyingine.