Yeye Hakuhesabiwa Mfanyakazi

Kazi ya ndugu yangu ilikuwa kutoboa ardhi kwa ulalo. Watu wengi wakisikia kutoboa wanafikiria kisima, chuma kinachoshuka wima kutafuta maji. Chuma chake kilipita chini ya barabara, kikiingia upande huu na kutokea upande ule, halafu bomba likavutwa kupitia tundu hilo bila lami kupasuliwa wala magari kusimamishwa. Hapa Kitengela, ambako mitaa inaota haraka kuliko mifereji, kazi hiyo haikuwahi kukosekana.

Mimi nilikuwa nafundisha chekechea kabla hajaniomba nimshikie ofisi, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mafundi wake waliniita Mwalimu, naye akaiga, hasa akinikasirikia. Alikuwa mtu wa kelele. Aliipenda mashine yake ya manjano kupita kiasi, na mtu akikanyaga mpira wa maji wa ile mashine, ungedhani amekanyagwa yeye.

Mwanzoni ajenti wa bima alituandikisha pamoja na mafundi wa bomba. "Si mnaweka mabomba?" alisema, na tulikubali, kwa sababu tulikuwa tunayaweka. Bima ya kazini hupanga watu kulingana na hatari ya kazi yao. Karani ana kundi lake, mwashi lake, mchimba mgodi lake. Watu wa kutoboa kwa ulalo hawakuwa na kundi. Labda walikuwa wachache mno, au wageni mno.

Ubaya wake tuliujua siku fundi wetu mmoja, mtu wa Makueni, glavu yake iliponaswa na chuma kinachozunguka, kikamsaga mkono. Kampuni ya bima ilituma mtu kuchunguza. Aliizunguka mashine, akatingisha kichwa. "Fundi wa bomba hashiki chuma kinachozungushwa na injini," alisema. "Huyu si yule tuliyemwekea bima."

Hawakukataa waziwazi. Walizungusha maneno mpaka mkono ukapona ukiwa umepinda. Ndugu yangu alimtibu kwa pesa zake. Lakini kilichomuuma ni siku mke wa yule fundi alipokuja ofisini, akakaa, akakataa chai, akauliza kwa upole, "Kwani bwanangu alikuwa anafanya kazi gani, ambayo hata nyinyi hamjui jina yake?"

Ndugu yangu alitoka nje akasimama kando ya mashine yake mpaka yule mama akaenda.

Tangu hapo aliwasumbua watu wa bima bila kupumzika. Mwishowe walimtuma afisa, mwanamke kijana mwenye adabu, ambaye kazi yake ilikuwa kuamua nani aingie kundi gani. Alikuja na ajenti wetu, akatukuta tukipitisha bomba chini ya barabara ya Namanga. Nilimpa gambuti zangu, akasimama kwenye matope akauliza maswali ya maana. Vyuma ni vizito kiasi gani? Nani anajua nyaya za stima zimepita wapi? Kisha akauliza, "Watu wako wanaingia shimoni, ama wanabaki juu na mashine?"

Ajenti alikohoa. Sote tulielewa. Ikisemwa wanabaki juu, wangewekwa pamoja na wachimba visima. Ikisemwa wanaingia, wangesogezwa karibu na watu wa migodi, na bei ingepanda. Ajenti alimtazama ndugu yangu kwa macho ya kumsihi.

"Wanaingia," ndugu yangu alisema. "Chuma kikitokea upande ule, lazima mtu ashuke akiunganishe na bomba. Hapo ndipo mimi huogopa."

Yule afisa alishukuru. Baadaye wakatupa kundi letu, la ghali, lakini lenye kueleza kazi yetu jinsi ilivyo. Ndugu yangu aliwaita mafundi akawasomea, akitafsiri kila mstari, na yule mwenye mkono uliopinda akapiga makofi kwa kugonga paja.

Siku ile ile ajenti alimwambia, "Na wewe mwenyewe, boss? Hii ni ya wafanyakazi. Mwenye kampuni hahesabiwi. Unafaa kuchukua bima yako ya ajali, kando."

"Mimi nashuka shimo lini? Acha tumalize kazi ya Kajiado kwanza."

Kazi ya Kajiado iliangukia msimu wa mvua. Udongo mweusi wa huku, ukikauka, unapasuka mpaka mkono unapita kwenye ufa. Ukilowa unavimba, unakuwa mzito, unateleza kama sabuni. Ndugu yangu aliujua. Aliweka mbao za kuzuia kuta za shimo kila mahali, isipokuwa upande mmoja ambapo zilitolewa ili bomba lipate njia.

Fundi wa kushuka alikuwa ameenda kumzika mama yake. Mimi nilikuwa nimewapelekea chakula cha mchana, githeri. Chuma kilikuwa kimeshatokea, bomba limelala tayari, na mawingu yalikuwa yanarudi. Ndugu yangu alivua koti, akanipa pamoja na simu yake.

"Shika. Nashuka kidogo tu."

Ulipoporomoka ule upande usio na mbao, mlio ulikuwa kama wa gunia likiangushwa. Nilipofika ukingoni udongo ulikuwa umemfika kifuani. Mafundi waliruka ndani wakachimba kwa mikono, maana jembe lingemkata. Wachungaji waliokuwa wakipeleka mbuzi sokoni waliwaacha watawanyike barabarani, wakaja kusaidia. Mama mmoja wa Kimaasai alivua shuka lake akanirushia nimfunike kichwa, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

"Sisikii miguu," ndugu yangu aliniambia, bila kelele hata kidogo. "Mwalimu, waambie watoke. Ule upande mwingine nao utaanguka."

Hawakutoka. Walimtoa yeye.

Uti wake wa mgongo ulikuwa umevunjika, naye alikuwa bado kwenye chumba cha wagonjwa mahututi yule afisa wa bima aliponipigia. Alinipa pole, nikasikia anavyovuta pumzi. "Lazima nikuulize. Alikuwa mwajiriwa, ama ndiye mwenyewe?"

"Ndiye mwenyewe."

"Pole sana, dada," akasema tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Mafundi walikuja hospitali wakiwa na wazo lao. Mkubwa wao alinivuta kando. "Mwalimu, si tuseme alikuwa ameandikwa kazi kama sisi? Sisi wote tutashuhudia." Nilitaka kukubali. Nilimpelekea ndugu yangu lile wazo asubuhi nikimlisha uji, nikilipamba kama ninavyowapambia watoto dawa chungu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," akasema. "Siku mmoja wao akiumia kesho kutwa, watasema ile ni kampuni ya waongo. Halafu nitakuwa nimefanya nini?"

Nikamwambia hao mafundi wana miguu inayotembea, yeye hana. Alipiga bakuli la uji likamwagika shukani, akanifukuza. Nilimsikia kutoka koridoni akilia kwa sauti, mtu mzima, na muuguzi akimbembeleza.

Mama yetu hakuelewa kamwe. Nilimweleza kwa Kiswahili na kwa Kikamba. "Yaani wale wote ni wafanyakazi," aliuliza, "na yeye peke yake ndiye hakuwa akifanya kazi?" Niliacha kumweleza.

Mashine ilinunuliwa na kontrakta mmoja wa Matasia, akawachukua na mafundi. Alikuwa muungwana. Aliuliza bima yao ilikuwa kundi gani, akawaandikisha vivyo hivyo. Siku walipokuja kuipakia kwenye lori, ndugu yangu aliomba kiti chake cha magurudumu kigeuziwe ukuta.

Aliishi mwaka na ushee. Vidonda vya kulala vilimla mgongoni polepole, sumu yake ikaingia kwenye damu. Mwishoni hakuwa mtu wa kelele tena. Aliongea kwa pumzi, maneno machache, mara nyingi akiomba ageuzwe. Tulimzika nyumbani Makueni, na yule fundi wa mkono uliopinda alibeba jeneza kwa bega la upande mzima, akikataa kupokewa njia yote.

Nilirudi kufundisha chekechea. Jumapili, baada ya kanisa, huenda kwa wifi yangu, mjane wake, ambaye siku hizi anauza mboga karibu na nyumba yao. Tunakaa mlangoni tukichambua majani ya kunde ya kuuza kesho yake. Hatuzungumzi sana juu yake. Lakini juzi aliinua kichwa akaniuliza, "Unakumbuka sauti yake, vile ilikuwa kabla ya hospitali?"

"Nakumbuka," nilisema.

Sikuikumbuka. Ninayoisikia ni ile ya kitandani, na nikijaribu kwenda nyuma yake nakuta kimya. Wifi alitabasamu, akafuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimejaa rangi ya majani, akasema yeye imeanza kumpotea, basi afadhali mmoja wetu bado anayo.