Gemu Iliyojicheza Wakati wa Swala

Wallahi, niliapa kuumaliza ule ubishi, na nikaumaliza kweli. Kwenye kibanda cha gemu hapa Garissa, vijana walikuwa wakibishana kuhusu kampuni moja ya Kijapani iliyowahi kutamba: imeisha, haijaisha. Mimi nikashikilia kwamba imeisha. Gemu zao za zamani zilikuwa na akili! Utotoni nilikuwa naiacha gemu ikiwaka, naenda msikitini, na nikirudi nakuta shujaa wangu ameshaua joka na kufika mji mwingine. Hizi mpya ukiziacha, shujaa anasimama tu kama nguzo.

"Hakuna gemu kama hiyo, walaal, ndugu yangu," alisema Abdi, mwenye kibanda.

"Iko. Nitakuonyesha."

Jumamosi nikabeba mashine yangu ya zamani hadi kibandani. Watu wakajaa. Adhana ya alasiri ilipolia, nikamweka shujaa mbele ya joka, nikawaambia, "Twendeni tukaswali, mtajionea wenyewe." Abdi akafunga mlango kwa kufuli.

Tuliporudi, shujaa alikuwa amesimama palepale, joka linamtazama.

Nikasema mashine imezeeka. Kicheko kilipozidi, nikampigia dada yangu Hodan, niliyekua naye nyumba moja, nikaweka simu kwenye spika ili anitolee ushahidi.

Hodan alicheka mpaka akakohoa. "Aboowe, kaka yangu, wewe ulikuwa unaenda msikitini, mimi naswali nyumbani. Sasa ulidhani nani alikuwa anaua hayo majoka?"